Flashi Imejaa Shotikati: Mwongozo Kamili wa Kuisafisha na Kusoma Maneno ya Antivairasi

Mwezi haupiti bila mtu kuniletea flashi yenye tatizo lilelile. Akiifungua, folda zake zote zimegeuka shotikati zenye kishale. Ameshazifuta. Ameshafomati. Siku mbili baadaye zimerudi kama alivyoziacha.

Wanaoshindwa hukosea mahali pawili. Kwanza, wanatibu flashi na kuacha kompyuta, wakati flashi ni mbebaji tu na anayeumwa ni kompyuta. Pili, antivairasi inapowatajia jina la tatizo, hawalisomi. Wanabofya kitufe chochote kitakachoondoa lile dirisha jekundu ili waendelee kuchapisha. Lakini jina ndilo linalokuambia ufanye nini, na kila jina lina tiba yake.

Fuata hatua kwa mpangilio. Ukiruka ya kwanza, nyingine zote utazirudia.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta yenye Windows 10 au 11, na akaunti yenye mamlaka ya kubadili mipangilio, yaani ya msimamizi.
- Bando la kutosha. Kifurushi kizima cha kusasisha antivairasi kinaweza kuzidi MB 100, kwa hiyo tenga MB 500 usije ukakatikiwa njiani.
- Flashi yenye tatizo, na nyingine tupu ambayo haina kitu unachohofia kukipoteza.
- Chaja na saa tatu za utulivu. Umeme ukikatika katikati, kazi inaanza upya.
- Karatasi na kalamu. Utaandika majina ya virusi, kwa sababu orodha iliyo ndani ya kompyuta haikai milele.

Huhitaji kununua antivairasi. Microsoft Defender inakuja na Windows na inatosha kwa kazi hii. Wenye Windows 10 wajue jambo moja: Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Defender yake itaendelea kupokea taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028, lakini matundu ya Windows yenyewe hayazibwi tena isipokuwa umejiandikisha kwenye huduma ya nyongeza. Kama mashine yako inaweza kubeba Windows 11, hamia huko.

## Hatua ya 1: Jua nani anaumwa

Chomoa flashi yenye tatizo na uiweke pembeni. Chukua ile tupu, ichomeke kwenye kompyuta, tengeneza ndani yake faili moja la maandishi na folda moja, kisha subiri dakika mbili bila kugusa kitu.

Folda ikigeuka shotikati, kompyuta ina kirusi na kiko kazini hivi sasa. Virusi vya aina hii hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuchungulia kila baada ya muda mfupi kama kuna flashi mpya imechomekwa. Wakiiona, wanaficha mafaili yako, wanaweka nakala yao, kisha wanatengeneza shotikati yenye jina la folda yako. Ukiibofya, inafungua folda kweli, lakini kwanza inawasha kirusi. Ndiyo maana mtu anaweza kuitumia wiki nzima bila kushtuka.

Ndiyo maana pia kufomati hakusaidii. Ukifomati flashi kwenye kompyuta yenye kirusi, umekipa kirusi nafasi safi ya kuandika.

Dalili ya kufanikiwa: unajua kama kompyuta hii ni nzima au inaumwa. Ikiwa nzima, fanya hatua ya 2 na ya 3, kisha nenda ya 7. Ikiwa inaumwa, usichomeke flashi ya mtu yeyote hadi umalize.

## Hatua ya 2: Fanya Windows ikuonyeshe kila kitu

Windows huficha mkia wa jina la faili, na hapo ndipo watu wengi wanaponaswa. Faili linaloonekana kama "Matokeo ya Mtihani.pdf" linaweza kuwa "Matokeo ya Mtihani.pdf.exe". Mkia wa mwisho ndio ukweli wake. Exe ni programu, na programu ikifunguliwa inafanya inachotaka.

Fungua folda yoyote. Kwenye Windows 11 bofya "View", kisha "Show", halafu weka tiki kwenye "File name extensions" na "Hidden items". Kwenye Windows 10 tiki hizo ziko juu, ndani ya "View".

Kwa kazi yetu hiyo haitoshi. Virusi vya shotikati huyapa mafaili yako alama ya mafaili ya mfumo, na hayo Windows huyaficha kwa kufuli la pili. Tafuta "Folder Options", ingia "View", ondoa tiki kwenye "Hide protected operating system files". Windows itakuonya. Kubali, lakini ukimaliza kazi yote rudi uiweke tena.

Onyo: sasa utaona vitu ambavyo hukuvizoea, kama desktop.ini, na ndani ya flashi folda inayoitwa "System Volume Information". Hivyo ni vya Windows. Usivifute kwa woga.

Jambo moja linawachanganya wengi: shotikati haionyeshi mkia wake, .lnk, hata baada ya kuweka tiki zote. Itambue kwa kishale kidogo kwenye picha yake, au kwa neno "Shortcut" kwenye safu ya "Type".

## Hatua ya 3: Hakikisha mlinzi yuko macho

Andika "Windows Security" kwenye sehemu ya kutafutia, fungua, ingia "Virus & threat protection". Kagua mambo manne.

"Real-time protection" iwe On. Huyu ndiye mlinzi wa mlangoni, anayekagua faili kabla halijafunguka.

"Tamper protection" iwe On. Inazuia programu nyingine isimzime mlinzi kisirisiri.

"Protection updates" iwe na tarehe ya leo. Bofya "Check for updates". Defender yenye taarifa za miezi sita iliyopita ni askari mwenye orodha ya wahalifu wa mwaka jana.

La nne karibu kila mtu huliruka, nalo ndilo limenionyesha chanzo mara nyingi kuliko yote: "Exclusions". Iko chini kabisa ndani ya "Manage settings". Hapo huorodheshwa folda ambazo antivairasi imeamriwa isiziguse. Mtu akikuwekea Office ya kukraki, yaani iliyovunjwa leseni, mara nyingi anaweka humo folda ya kraki, na wapo wanaoweka diski C nzima. Antivairasi inaonekana iko On, alama ni ya kijani, kumbe imeambiwa ifumbe macho nyumba nzima. Ukikuta kitu humo ambacho hukukiweka wewe na hujui ni cha nini, kiondoe.

Kama una antivairasi nyingine ambayo leseni yake imeisha, iondoe kabisa. Ikiwa imekaa, Defender inaweza kuipisha na isifanye kazi ya mlinzi mkuu. Ukiiondoa na kuwasha upya, Defender huamka yenyewe. Na usiweke mbili zifanye kazi pamoja ukidhani ulinzi umeongezeka: zitagombania mafaili na kompyuta itakuwa nzito.

Dalili ya kufanikiwa: pakua faili la majaribio la EICAR, taasisi ya Ulaya ya utafiti wa antivairasi, kutoka tovuti yake. Ni herufi 68 tu, halina madhara, na kampuni za antivairasi zimekubaliana kulihesabu kuwa ni kirusi kwa ajili ya kupima. Defender ikilikamata papo hapo, mlinzi yuko macho. Ikinyamaza, rudi kwenye "Exclusions".

## Hatua ya 4: Kagua kompyuta nzima

Bofya "Scan options". Utaona aina kadhaa, na tofauti zake ni muhimu.

"Quick scan" inakagua sehemu ambazo virusi hupenda kujificha: kumbukumbu, vitu vinavyowaka pamoja na Windows, na folda za mfumo. Dakika chache imekwisha.

"Full scan" inapita kila faili kwenye diski. Inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Hii ndiyo uanze nayo.

"Microsoft Defender Antivirus (offline scan)" inawasha kompyuta upya, kisha inakagua kabla Windows haijawaka. Huchukua kama dakika 15. Faida yake ni kwamba kirusi hakijapata nafasi ya kuamka, hivyo hakiwezi kujificha wala kupigana. Ifanye baada ya "Full scan", hasa kama kirusi kimefutwa na kimerudi.

Onyo: kabla ya kukagua nje ya Windows, hifadhi kazi zote ulizofungua. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, hakikisha unao ufunguo wake wa kuokolea, kwa sababu kompyuta inaweza kuuomba inapowaka.

## Hatua ya 5: Soma jina kabla ya kubofya

Ingia "Protection history". Kila kilichopatikana kimeandikwa humo. Chukua kalamu.

Majina ya Defender yana mpangilio. Chukua mfano huu:

Worm:VBS/Jenxcus!lnk

Neno la kwanza ni aina ya kitu. Baada ya nukta mbili ni jukwaa, yaani kimeandikwa kwa lugha gani au kwa mfumo upi: VBS ni maandishi ya amri za Windows, Win32 ni programu ya kawaida ya Windows. Baada ya mkwaju ni ukoo. Kinachofuata alama ya mshangao ni nyongeza: hapa lnk inasema kilichokamatwa ni shotikati. Jenxcus ni ukoo maarufu wa virusi vya flashi, na Juni 2014 Microsoft ilikwenda mahakamani Marekani kuupiga vita. Ukikutana na jina hili, ujue anayezalisha shotikati ni faili la .vbs lililojificha mahali ndani ya kompyuta.

Sasa maana za neno la kwanza. Hapa usiharakishe.

Worm, mnyoo. Unajisafirisha wenyewe, kwa flashi au kwa mtandao. Ukiupata kwenye mashine moja ya ofisi, hesabu kwamba umepita kwenye zote zilizoshiriki flashi, na uzikague zote siku hiyohiyo.

Virus. Sisi huita kila kitu kirusi, lakini antivairasi hulitumia neno hili kwa maana finyu: kitu kinachojipandikiza ndani ya programu nzima zilizo kwenye kompyuta yako. Koo za Sality na Neshta ndivyo zinavyofanya. Hali hii ni nzito, kwa sababu kila exe uliyonayo inaweza kuwa imeambukizwa. Okoa nyaraka, picha na video zako, usiokoe programu hata moja, kisha piga Windows upya, yaani uisakinishe tena kuanzia mwanzo. Nimeona watu wakihangaika wiki mbili na Sality kwa kuogopa kupiga Windows, na mwishowe wakapiga tu.

Trojan. Haijisafirishi. Imeingia kwa sababu mtu ameifungulia mlango, akidhani ni gemu, ankara au programu ya bure. Ukiipata, jiulize ulipakua nini siku ile, na ufute hicho pia.

TrojanDownloader na TrojanDropper. Hawa ni wabebaji. Kazi yao ni kuleta wengine. Kumkamata mbebaji hakumaanishi mzigo haujashushwa. Rudia "Full scan" baada ya kusasisha.

Backdoor na PWS. Wa kwanza amefungua mlango wa nyuma ili mtu aliye mbali aitawale kompyuta yako. Wa pili anaiba nywila. Ukiona moja ya majina haya, kusafisha kompyuta ni nusu ya kazi. Chukua simu, au kompyuta nyingine iliyo safi, badilisha nywila za barua pepe na benki, na kwenye kila akaunti uondoe vifaa vyote vilivyoingia. Usibadilishe nywila ukiwa kwenye mashine hiyohiyo inayoumwa. Unakuwa umempa mwizi ufunguo mpya mkononi.

Ransom. Hii inafunga mafaili yako na kudai fidia. Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, chomoa diski za nje papo hapo. Usilipe kwa haraka: kulipa hakukuhakikishii kurudishiwa. Nenda kwenye tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za Kaspersky na McAfee. Unaweka mfano wa faili lililofungwa, inakuambia kama ufunguo wake umepatikana. Usifute mafaili yaliyofungwa hata kama leo hakuna ufunguo, kwa maana funguo nyingine hupatikana baadaye.

Exploit. Kitu kinachotumia tundu la programu. Tiba yake ni kusasisha. WannaCry, mnyoo wa kudai fidia, ilipolipuka tarehe 12 Mei 2017 na kuzikwamisha hospitali za Uingereza, kiraka cha tundu ililopitia kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu tarehe 14 Machi. Waliokuwa wamesasisha hawakuingiliwa kupitia tundu hilo.

HackTool. Mara nyingi utasoma HackTool:Win32/AutoKMS au Keygen. Hiyo ni kraki ya Windows au Office. Watu huniambia, "Fundi, hii si kirusi, ni activator tu, ruhusu." Antivairasi haijakosea: imekutajia chombo cha kuvunja leseni, na hujui aliyekitengeneza ameweka nini kingine humo. Kama unachohitaji ni kuandika barua na kupiga hesabu, LibreOffice ni ya bure na inafungua nyaraka za Word. Sitamruhusia mtu kraki.

PUA, Adware na BrowserModifier. Programu usiyoitaka: inajaza matangazo, inabadilisha ukurasa wa mwanzo wa kivinjari. Iondoe kwa njia ya kawaida kwenye orodha ya programu, kisha kagua viongezi vya kivinjari.

Nyongeza moja inastahili kujulikana: !ml. Inamaanisha Defender haikulitambua faili kwa alama zake, bali mfumo uliofundishwa kwa mifano umelishuku. Trojan:Win32/Wacatac.B!ml ndilo jina la namna hii ninalokutana nalo zaidi. Mara nyingi shaka hiyo ni ya kweli, lakini hapa ndipo makosa hutokea pia.

### Antivairasi ikikosea

Hutokea. Tarehe 21 Aprili 2010 McAfee ilisambaza taarifa mbovu, antivairasi ikamkamata svchost.exe, sehemu halali ya Windows XP, na kompyuta nyingi zikawa zinajizima na kuwaka bila kukoma.

Ukishuku kosa, usiruhusu kwa kubahatisha. Liulize VirusTotal, tovuti ya Google inayopima faili kwa antivairasi zaidi ya 60. Lakini usipakie huko mkataba, rekodi za wagonjwa au mishahara ya ofisi: unachopakia hushirikiwa na wataalamu wa usalama duniani kote. Tafuta kwanza kwa alama ya kidole ya faili. Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri za Windows, andika:

Get-FileHash "C:\njia\ya\faili.exe"

Itakupa mstari mrefu wa herufi na tarakimu, SHA256. Nakili, uutafute VirusTotal. Faili lenyewe halijatoka kwenye kompyuta yako. Ikisema antivairasi moja au mbili tu zimelilalamikia, na wewe ulilipakua kwa mtengenezaji mwenyewe, huenda ni kosa. Zikiwa 30, limekwisha shauri hilo.

### Vitufe na hali zake

"Quarantine" ni karantini. Faili limefungiwa mahali ambapo haliwezi kufanya kazi, lakini lipo, na linaweza kurudishwa. Ukiwa na shaka, chagua hii daima.

"Remove" ni kufuta moja kwa moja.

"Allow on device" ni kumwambia mlinzi ampishe huyu leo na kesho. Niliwahi kukaa steshenari moja nikisubiri kubandika picha kwenye fomu. Foleni ilikuwa watu sita. Dada aliyekuwa kwenye mashine alipata dirisha jekundu kwa kila flashi iliyochomekwa, na kila mara alibofya "Allow on device" bila hata kuinua macho kutoka kwenye karatasi alizokuwa anapanga. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemwambia maana ya maneno yale. Kila flashi iliyotoka pale siku ile ilitoka na mnyoo, na mojawapo ilikuwa yangu.

Kama umewahi kufanya hivyo, bofya "Allowed threats" na uondoe ruhusa zote.

"Remediation incomplete" ina maana kazi haijaisha: kuna kipande kimebaki. Washa upya, ukague nje ya Windows kama hatua ya 4.

Dalili ya kufanikiwa: kila jina kwenye karatasi yako lina "Quarantined" au "Removed" mbele yake, na ukaguzi wa pili haujapata kitu.

## Hatua ya 6: Angalia vinavyowaka na Windows

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Ingia "Startup apps", au "Startup" kwenye Windows 10. Tafuta kitu chenye neno wscript, chombo cha Windows kinachoendesha mafaili ya .vbs, au jina la ajabu la herufi zilizochanganywa tu. Kizime. Kisha bonyeza kitufe cha Windows na R, andika shell:startup, Enter. Kama kuna faili la .vbs, .js au shotikati usiyoijua, lifute.

Rudia jaribio la flashi tupu la hatua ya 1. Dakika mbili zikipita na folda imebaki folda, kompyuta imepona.

## Hatua ya 7: Sasa rudisha mafaili ya flashi

Mafaili yako hayajapotea. Yamefichwa tu. Kwa kawaida utaona flashi inasema imejaa GB 6 huku ndani kuna shotikati moja.

1. Chomeka flashi. Usibofye chochote ndani yake. Tazama herufi yake, tuseme E.
2. Bofya kulia juu ya herufi hiyo, chagua "Scan with Microsoft Defender". Usitegemee "Full scan" iwe imeingia kwenye flashi. Flashi ikaguliwe peke yake.
3. Andika cmd, dirisha jingine la amri, kwenye sehemu ya kutafutia, fungua. Andika E: kisha Enter. Lazima mstari ubadilike uwe E:\> kabla hujaendelea, la sivyo amri inayofuata itafanya kazi kwenye diski ya kompyuta.
4. Andika hivi, ukiheshimu nafasi zote:

attrib -h -r -s /s /d *.*

Alama -h inaondoa ufichaji, -r inaondoa zuio la kuhariri, -s inaondoa alama ya mfumo. Herufi /s na /d zinaiambia amri iingie ndani ya folda zote na iziguse folda zenyewe. Ikikuambia "Access denied" kwa "System Volume Information", ni sawa, endelea.

5. Fungua flashi. Folda halisi zimeonekana. Usipoziona, tafuta folda isiyo na jina kabisa, picha tu ya folda yenye nafasi tupu chini yake. Baadhi ya minyoo huhamishia kila kitu humo. Ifungue, utakuta vitu vyako vyote.
6. Rudi kwenye cmd, andika del *.lnk ili kufuta shotikati.
7. Nakili nyaraka, picha, sauti na video kwenye kompyuta. Usinakili chochote chenye mkia wa .exe, .vbs, .js, .scr au .bat.
8. Fungua nyaraka mbili tatu uhakikishe zinasomeka. Hapo ndipo unaruhusiwa kufomati. Kwenye "File system", yaani mfumo wa kupanga mafaili, chagua exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Kisha rudisha vitu vyako.

Dalili ya kufanikiwa: ichomeke flashi kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, hakuna dirisha jekundu, hakuna kishale.

## Hatua ya 8: Ukienda steshenari kesho

Mashine ya steshenari inapokea flashi za mtaa mzima. Huwezi kuisafisha wewe, lakini unaweza kuinyima nafasi ya kuandika. Njia ninayoipenda ni kadi ya SD, ile kubwa ya kamera, ndani ya kisomaji cha USB. Ubavuni ina kitufe kidogo cha kufungia. Kisukume upande wa "Lock", na visomaji vingi vitakataa kuandika kitu chochote kwenye kadi. Wanachapisha, unaondoka nayo kama ulivyokwenda nayo.

Kama huna kadi, geuza waraka kuwa PDF, upeleke kwa barua pepe, na flashi ibaki nyumbani.

Mwenye steshenari, nakuomba mambo mawili. Mhudumu atumie akaunti ya kawaida, si ya msimamizi. Na zima "AutoPlay" kwenye mipangilio, ili flashi isijifungue kabla ya kukaguliwa.

## Kama flashi imeshafomatiwa

Mwanafunzi mmoja alinijia saa mbili usiku, anakabidhi tasnifu asubuhi. Fundi wa awali alimwambia, "Dada, hii ni ya kufomati tu," akafomati papo hapo bila kuuliza ndani kuna nini. Sura tano zilikuwa zimefichwa tu, amri moja ya attrib ingezirudisha.

Ikikukuta hivyo, usiandike chochote kwenye flashi. Kila faili jipya linaweza kukalia mahali pa lile la zamani. Ichomoe, nenda kwenye Microsoft Store, sakinisha "Windows File Recovery" kwenye diski ya kompyuta. Fungua cmd kama msimamizi, andika:

winfr E: C: /extensive /n *.docx

E ni flashi, C ni mahali pa kuweka vitakavyopatikana. Haviruhusiwi kurudi kwenye flashi ileile. Badilisha docx kuwa pdf au jpg kulingana na unachotafuta. Ikiuliza kama uendelee, bonyeza y. Matokeo yatakuwa kwenye folda inayoanza na neno "Recovery" ndani ya diski C, mengine yakiwa na majina yaliyopotea, kwa hiyo fungua moja moja.

Usiku ule tulipata sura nne. Ya tano alikuwa amejitumia kwa barua pepe wiki tatu kabla, na saa saba usiku alikuwa anaunganisha kurasa.